Kila milimita ina deni lake

Kwenye kioo cha nyuma ya kamera, Kilimia kilikuwa kimetulia. Nyota sita, labda saba, zimejikusanya kama kawaida yao, na pembeni ukungu wa bluu ambao sasa nadhani niliutamani zaidi kuliko nilivyouona. Lenzi ilikuwa ya kuazima, milimita 200 za urefu wa fokasi (namba ikikua, vitu vinavutwa karibu zaidi). Shata sekunde 4. Nikakunja tripodi huku nikitabasamu gizani peke yangu.

Nyumbani nikahamishia picha kwenye kompyuta, nikaivuta hadi asilimia 100.

Punje za mchele.

Kila nyota ilikuwa imerefuka, na zote zimelalia upande uleule, kwa adabu kabisa. Ukungu wa bluu haukuwapo. Zilikuwapo chengachenga, vile vidoadoa vinavyochafua picha za gizani.

Usiku huohuo nikafungua duka la mtandaoni, nikaweka darubini kwenye kikapu. Sikulipa. Ila kwa wiki tano zilizofuata nilikuwa nakifungua kikapu kile kila usiku kabla ya kulala, naongeza kitu, natoa kitu, na kujiuliza swali lilelile: kosa ni langu au ni la vifaa?

## Hesabu niliyoikwepa

Kwamba dunia inazunguka, nilijua. Sikuwa nimewahi kuuliza inazunguka kwa kasi gani mbele ya kamera yangu mimi.

Ni digrii 15 kwa saa. Digrii moja ukiigawanya mara 3,600 unapata vipande vinavyoitwa sekunde za tao, na kwa vipande hivyo anga linasogea 15 kila sekunde moja. Sasa chukua kihisi cha APS-C chenye megapikseli 24, cha aina iliyomo ndani ya kamera nyingi za kawaida. Pikseli yake moja ina upana wa karibu maikromita 3.9. Weka mbele yake lenzi ya milimita 200, na pikseli hiyo moja inafunika sekunde 4 za tao.

Kumbe nyota inavuka karibu pikseli nne kwa sekunde.

Kilimia kiko digrii 24 kaskazini mwa ikweta ya anga (ikweta ya dunia ukiirefusha hadi angani), kwa hiyo kinakwenda polepole kidogo kuliko nyota zilizo kwenye ikweta hiyo. Hata hivyo, sekunde zangu 4 zilizaa mstari wa pikseli 14 hivi. Ile kanuni ya 500 (gawanya 500 kwa milimita za lenzi, na kwa kihisi kama changu gawanya tena kwa 1.5, upate sekunde za shata) nilikuwa nimeisoma na kuipuuza, lakini hata ningeitii isingeniokoa. Kwa kihisi changu ingeniruhusu sekunde 1.7 tu, na bado nyota ingevuka pikseli sita. Kanuni hiyo inavumilia michirizi ambayo vihisi vya leo havina haya ya kuianika.

Nikarudia hesabu kwa lenzi nyingine. Milimita 50: pikseli moja ni sekunde 16 za tao, kwa hiyo nyota inavuka pikseli moja kwa sekunde. Milimita 18: pikseli moja kila sekunde 3.

Nilikaa na namba hizo usiku ule mpaka chai ikapoa. Kwa wiki nzima nilikuwa nadhani naenda kununua ukaribu, yaani vitu vya mbali vije vikubwa. Darubini iliyokuwa kikapuni ilikuwa na milimita 600. Sikuwa nimeona kwamba kila milimita ninayoongeza inakuja na deni lake, na deni hilo lina wadai wengi: kiweko kizito zaidi cha kubeba darubini na kuifuatisha anga, mhimili uliolengwa kwa usahihi zaidi, betri kubwa zaidi, upepo mdogo zaidi. Bei ya darubini ilikuwa malipo ya kwanza tu.

## Ataibeba nani?

Nina rafiki aliyeanza kupiga picha za anga miaka mingi kabla yangu. Nilimtumia orodha ya kikapu ili anisifie. Darubini ya lenzi mbili, kiweko cha HEQ5 na vyuma vyake vya kusawazisha uzito, betri, nyaya. Kuhusu ubora wa vioo hakuandika neno.

"Dada, hiyo ataibeba nani?"

"Si nitaiweka uani, kaka."

"Uani kwako unaona nyota ngapi?"

Sikujibu. Kiweko hicho, ukijumlisha kichwa chake, miguu na vyuma, kinazidi kilo 20 kabla hujaweka darubini juu yake. Na uani kwangu kuna taa ya barabarani ambayo nimeshaizoea hadi nimeisahau.

Huu ndio upande wa hesabu ambao matangazo ya vifaa hayaugusi. Weusi wa anga hupimwa kwa magnitudo kwa kila eneo dogo la anga, na namba ikiwa kubwa anga ni jeusi zaidi. Anga la mji huwa karibu 18.5, anga la mashambani mbali na taa huwa karibu 21. Tofauti ya magnitudo 2.5 inasikika ndogo, lakini maana yake ni mara 10 ya mwanga. Kwa vitu hafifu kama ukungu wa nebula, ambapo adui ni mwanga wa anga lenyewe, saa moja gizani inafanya kazi ya karibu saa 10 chini ya taa.

Mara kumi!

Hakuna lenzi ndani ya bajeti yangu ingenipa mara kumi. Miguu yangu ingenipa, mradi begi liwe la kubebeka. Tangu hapo uzito haukuwa tena suala la mgongo wangu. Nikaanza kuupima kwa mwanga.

(Najua kuna watu wanapiga picha nzuri ajabu kutoka katikati ya miji, kwa kamera za rangi moja na vichujio vinavyoruhusu mstari mwembamba tu wa mwanga. Nawaheshimu. Vichujio vyao peke yake vinameza bajeti yangu yote.)

## Kishawishi cha wiki ya tatu

Nikiwa nimeshafuta kiweko kikapuni, nikakutana na darubini janja. Nitaitaja Seestar S50 kwa sababu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ilitoka 2023, ina kilo 2.5, lenzi ya kipenyo cha milimita 50 na urefu wa fokasi wa milimita 250. Unaiweka chini, unagusa simu, yenyewe inatafuta, inafuata, inarundika picha nyingi kuwa moja na kukuletea galaksi mkononi. Wadai wote niliowataja hapo juu wamelipwa ndani ya boksi moja.

Nilikaribia sana. Nilishaandika anwani ya kutumiwa mzigo.

Kilichonizuia kwanza ni upana. Kwa mkupuo mmoja inaona takriban digrii 1.3 kwa 0.7. Galaksi ya Andromeda ina urefu wa digrii 3 hivi, kwa hiyo unaipata vipandevipande, na mimi navutiwa na vitu vipana: Kilimia na jirani zake wote, kundinyota la Jabari zima kutoka mabegani hadi miguuni, mikanda myeusi ya Njia ya Maziwa. Sababu ya pili ni ya kibinafsi na haina utetezi wa kisayansi. Nilitaka kuelewa kwa nini punje zangu zilikuwa punje. Anayetaka kuona tu vilivyoko juu na kuwaonyesha watoto, namwambia bila kusita anunue hiyo na asinisikilize mimi.

Nikafuta anwani.

## Mbao mbili na bawaba

Kabla ya kulipia chochote, rafiki yangu alisema nitengeneze treka ya mbao. Nilidhani ananitania. Treka ni kile kiinjini kidogo kinachozungusha kamera kwa kasi ya anga ili nyota zibaki mahali pake, nami niliamini ni kazi ya viwanda.

Wazo lenyewe ni la George Haig wa Uskoti, la miaka ya 1970. Vibao viwili vimeunganishwa kwa bawaba. Umbali wa milimita 229 kutoka kwenye bawaba unapitisha bolti ya M6, ambayo nyuzi zake zimepishana kwa milimita moja. Ukiizungusha bolti mara moja kwa dakika, kibao cha juu kinafunguka kwa kasi ileile ya anga. Bawaba inaelekezwa kwenye ncha ya anga, yaani pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka, kamera inakaa juu ya kibao, mkono wako ndio mota.

Maelekezo niliyoyapata yalisema zungusha robo mzunguko kila baada ya sekunde 15. Nikafanya hivyo kwa utiifu, kwa lenzi ya milimita 50, na nyota zikatoka na mikia. Ilinichukua siku mbili kuona upumbavu wake. Sekunde 15 za kusubiri kwa lenzi ya 50 ni pikseli 15 za kuteleza, kisha nairudisha kamera kwa mruko mmoja. Kwa lenzi pana sana labda ingepita. Kwangu nilihitaji hatua ya sekunde moja moja.

Nikagundisha kifuniko cha kopo kwenye bolti, nikakichora mistari 60 kama uso wa saa, nikaweka saa ya mshale pembeni na tochi nyekundu juu yake. Mshale ukigonga, nasogeza mstari mmoja. Ukigonga tena, nasogeza mwingine. Nusu dakika kwa kila picha, bila kupiga chafya. Kati ya picha 40 za usiku huo, 11 zilifaa.

Kwenye hizo 11, nyota zilikuwa nukta.

Sijawahi kufurahia kibao kama kile. Na kilinifunza jambo ambalo treka ya dukani ingenificha, nalo linahusu ncha ya anga.

## Ncha isiyoonekana

Mwinuko wa ncha ya anga juu ya upeo ni sawa na latitudo yako. Kaskazini, Kutubu, ile nyota ya ncha, iko chini ya digrii moja kutoka kwenye ncha, na aliye mbali kidogo kaskazini mwa ikweta anailenga akapata karibu kila kitu. Kusini kuna Sigma Octantis, nyota hafifu ambayo jicho huipata kwa shida hata gizani. Na anayekaribia ikweta anazikuta ncha zote mbili zimelala kwenye upeo, nyuma ya miti na vumbi la anga, hata ile darubini ndogo ya kulengea iliyo ndani ya treka haina cha kuonyesha.

Nilikuwa nimeliogopa hili kuliko jambo lingine lolote. Kila mafunzo niliyoyatazama yalianza kwa kuipata nyota ya ncha, na mahali niliposimama na kibao changu ncha ilikuwa imefichwa na miti. Nikatumia dira, nikarekebisha tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi, nikapima mwinuko kwa programu ya simu. Kwa njia hiyo unakosea digrii moja hivi, ukiwa na bahati.

Tena hesabu. Ukikosea digrii moja, nyota inateleza si zaidi ya sekunde 16 za tao kwa dakika nzima. Kwa lenzi ya milimita 50 hiyo ni pikseli moja. Moja! Kwa milimita 200 ni pikseli nne. Kwa ile darubini ya milimita 600 ni kumi na mbili, na ndiyo maana wenye darubini hutumia nusu saa kulenga, halafu bado wanafunga kamera ya pili ya kusimamia ya kwanza.

Lenzi fupi inasamehe. Nimeisoma mara nyingi sentensi hiyo kwenye maandishi ya wengine na sikuisikia hadi nilipokuwa nimepiga magoti kwenye majani yenye umande, nikilenga kitu nisichokiona, kwa bawaba ya mlango.

## Hela ilikwenda wapi

Kamera sikubadilisha, ingawa kishawishi kilikuwapo. Kamera ya zamani yenye kihisi cha APS-C inakusanya mwanga vizuri kuliko tunavyoipa sifa. Upungufu wake wa kweli ni kichujio kilichoko mbele ya kihisi, kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa haidrojeni wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. Nebula nyekundu zinatoka na rangi iliyopauka. Kilimia ni cha bluu. Nikaamua kupenda vya bluu kwa mwaka huu.

Hela ya kwanza ilikwenda kwenye lenzi ya milimita 50 iliyokwishatumika, yenye f/1.8 (gawanya milimita za lenzi kwa namba ya f, upate upana wa tundu lake). Hapa mniruhusu nikae kidogo. Nyota ni nukta, na mwanga unaoupata kutoka kwa nukta unategemea ukubwa wa tundu ambalo mwanga unapitia. Lenzi iliyokuja na kamera, kwenye milimita 18 na f/3.5, ina tundu la milimita 5. Ile ya 50, hata ukiibana hadi f/2.8, ina tundu la karibu milimita 18. Eneo lake ni kubwa mara 12 hivi. Na kuibana ni lazima: ikiwa wazi kabisa, nyota za pembeni zinaota mbawa kama ndege na zile angavu zinavaa pete ya zambarau. Lenzi za aina hii ziko kila mahali sokoni kwa sababu watu wa picha za sherehe hununua, hupanda daraja, kisha huuza.

Hela ya pili, kubwa zaidi, ilikwenda kwenye treka ndogo. Kuna za familia ya Star Adventurer za Sky-Watcher, ambapo 2i inatajwa kubeba hadi kilo 5. Kuna zile ndogo za Move Shoot Move zinazoingia mfukoni mwa koti, na kuna MiniTrack ya Omegon isiyo na betri kabisa: unaikaza springi kama saa ya zamani, inakuhudumia kwa takriban saa moja. Nikachukua iliyokwishatumika, ndogo. Uzito unaotajwa na kiwanda mimi huugawanya kwa mbili, maana kubeba ni jambo moja na kubeba bila kutikisika ni jingine.

Kwa nini treka, wakati mtu anaweza kupiga mamia ya picha za sekunde moja na kuzirundika? Nililijaribu hilo pia. Programu za bure kama Siril na DeepSkyStacker zinafanya kazi ya ajabu, na chengachenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 100, usafi mara 10. Lakini kamera inatoza kodi kila shata inapofunga, yaani chengachenga za kusoma kihisi, na kodi hiyo ni ileile kwa picha ya sekunde 1 au 60. Ukipiga picha 600 za sekunde moja umelipa kodi 600. Kwa treka unalipa 10. Tena shata ya kamera ya zamani ina umri wake, nami sipendi kuusikia ukiisha usiku mmoja.

Ya tatu ilikuwa tripodi, na hapa nakiri nilikosea mara mbili. Nilinunua nyepesi mno kwa sababu ya yale maneno ya uzito, nikaiona inatetemeka kwa upepo ambao hata jani halikuujali. Ikabidi niiuze kwa hasara na kutafuta nzito kidogo, ya kilo 2 kasoro, ambayo nguzo yake ya katikati siinyanyui hata siku moja. Ningeanza na tripodi, kila kitu kingine kingekuwa rahisi.

Mengine ni madogo: rimoti ya kuhesabu muda, betri ya ziada, utepe wa kufungia pete ya fokasi nikishailenga nyota kwa ukuzaji wa mara 10. Alama ya umbali usio na mwisho iliyochorwa kwenye lenzi ni ya mapambo.

## Milimita 200, tena

Wiki iliyopita niliiazima ile lenzi ya kwanza.

Kilimia kwa milimita 50 ni kizuri, lakini kinakaa katikati ya picha kama kishada cha pikseli 450 ndani ya upana wa 6,000. Nilikitaka kikubwa. Safari hii niliijua bei: kosa langu lilelile la digrii moja, pikseli nne kwa dakika. Kwa hiyo nikaweka shata sekunde 15. Pikseli moja. Deni lilelile la lenzi ya 50, ila nalipa kwa mafungu madogomadogo.

Nikakaa chini, mgongo kwenye begi, nikisikiliza shata ikifunga na kufungua. Kwenye picha ya 20 nikavuta kioo hadi mwisho. Duara. Nikavuta tena nyingine, nikihofia macho yananidanganya kama mara ya kwanza. Duara, na kuzunguka nyota moja, hafifu kabisa, kitu cha bluu ambacho safari hii sikukitamani. Kilikuwapo.

Wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Chetu hakikungoja kuzama. Kwenye picha ya 63 wingu likaingia kutoka mashariki na kufunika kila kitu. Nikakunja vyangu bila tochi; mikono imeshajua kila kitu kinakokaa.

Njiani simu ikalia.

"Dada, leo umebeba kilo ngapi?"

"Nne na nusu, kaka."

"Na Kilimia?"

"Dakika 15 na sekunde 45."

"Kesho je?"

Nikatazama juu. Wingu lilikuwa limepasuka upande mmoja.